Kuozesha taka za jikoni Tanga bila kuzalisha methani: mwongozo kamili kwa kikundi cha mtaa

Nyumba nyingi za Tanga, kuanzia Makorora hadi Mikanjuni, zina shimo la taka nyuma ya uwanja. Humo huingia maganda ya ndizi, machicha ya nazi, ukoko wa wali, majani yaliyofagiwa asubuhi, mifuko ya maziwa na pampasi. Shimo likijaa linachomwa. Lisipowaka, maana sehemu kubwa ya kilichomo ni maji, linafukiwa. Uchafu hauonekani tena, lakini chini ya udongo huo kazi ndiyo kwanza inaanza: taka zinaoza bila hewa, na kimyakimya, kwa miaka kadhaa, zinatoa methani, gesi inayonasa joto angani.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha nyumba 30 hivi kinachotaka kuzuia hilo na kupata mboji, yaani mbolea ya taka zilizooza. Mwenye nyumba moja au mgahawa anaweza kupunguza vipimo, ila asiende chini ya rundo la mita moja kwa mita moja kwa mita moja. Sababu tutaifikia.

Gesi inatoka wapi

Vijidudu vya kuozesha ni vya aina mbili kuu. Vinavyotumia oksijeni hula ganda la ndizi na kutoa joto, mvuke na hewa ukaa ileile ambayo mgomba uliivuta juzijuzi. Hiyo haihesabiwi kuwa mzigo mpya kwa tabianchi. Oksijeni ikiisha, vinashika zamu vijidudu vingine visivyoihitaji, na hivyo ndivyo vinavyotoa methani. Kilo moja ya methani hunasa joto mara 28 ya kilo moja ya hewa ukaa ikipimwa kwa miaka 100, na karibu mara 80 ikipimwa kwa miaka 20, kwa kuwa methani haidumu sana angani: wastani wake ni kama miaka 12. Ndiyo maana kuipunguza leo kunaonekana mapema.

Dampo halina hewa. Shimo halina hewa. Hata ndoo iliyofunikwa wiki nzima haina hewa. Na hapa ndipo vikundi vingi hukosea: rundo lililoloa na kushindiliwa linatoa methani vilevile hata kama ubao wa mbele umeandikwa "mboji". Kila kipimo kinachofuata hapa, iwe ni upana wa kizimba, ndoo mbili za majani kwa moja ya taka, bomba la matundu au siku za kugeuza, kipo ili hewa ipite.

Jambo moja la kuwekwa sawa kabla ya kuanza. Chupa ya plastiki ikikaa damponi haitoi methani, kwa sababu haiozi. Ubaya wake kwa tabianchi uko kwenye mafuta yaliyoitengeneza na kwenye moshi ukiichoma. Boksi la karatasi ni kinyume: kilo kwa kilo, kaboni yake inayoweza kuoza ni zaidi ya mara mbili ya ile ya mabaki ya chakula. Vikundi huanza na chupa kwa sababu chupa ina mnunuzi, na hilo si kosa. Lakini anayetafuta kupunguza gesi aanze na ndoo ya jikoni, afuate maboksi, kisha vyuma na makopo, na chupa ije nyuma. Kopo la alumini nalo lisidharauliwe: kuliyeyusha upya hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza alumini mpya kutoka kwenye madini.

Wiki ya kupima

Usinunue hata reki kabla ya kupima. Tafuta mizani ya kuning'iniza kama ile ya wauza samaki, na kwa siku 7 mfululizo, Ijumaa na Jumapili zikiwemo, pima taka zinazooza za nyumba 10. Andika kilo kwa kila nyumba. Siku ya pilau na siku ya kawaida hazifanani, na mwezi wa Ramadhani maganda ya matunda na ya mihogo huongezeka, kwa hiyo wiki hiyo usiifanye kuwa kipimo cha mwaka.

Mifano yote hapa chini inachukua nyumba 30 zenye wastani wa kilo 1.5 kwa siku, yaani kilo 45 kwa siku na kilo 315 kwa wiki. Ndoo ya lita 20 iliyojaa taka za jikoni ina takriban kilo 9, hivyo ni ndoo 5 kwa siku, 35 kwa wiki. Namba zako zikiwa tofauti, zidisha au gawa.

Kutenganisha jikoni

Kila nyumba ipewe ndoo ya lita 10 yenye mfuniko, na viroba viwili: kimoja cha maboksi na karatasi, kingine cha chupa, makopo na vyuma. Chini ya ndoo ziwekwe konzi mbili za maranda au majani makavu ya kunyonya maji. Bila hizo, ifikapo jioni kuna mchuzi wa kuoza chini ya ndoo, na mchuzi huo ndio utakaomfanya mpishi aache kutenganisha.

Mfundishe anayepika. Mikutano ya mtaa huhudhuriwa na wenye nyumba, lakini mara nyingi mkono unaotupa ganda ni wa dada wa kazi au wa binti aliyetoka shule. Mpitie jikoni kwake, dakika 10, ukiwa na ndoo mkononi. Mambo ya kukataa ni machache: pampasi, plastiki ya aina yoyote, vioo, betri, dawa, kinyesi cha paka na cha mbwa, na mifupa mikubwa. Pampasi ndiyo itakayokusumbua. Haina mnunuzi wala haiozi kwenye mboji, basi ibaki kwenye taka za gari la halmashauri.

Ndoo zikusanywe kila siku, asubuhi. Kwa joto la Tanga, taka zilizolala siku tatu ndani ya ndoo tayari zimeanza kuoza bila hewa. Ndoo ikija na uchafu usiotakiwa, irudishwe siku hiyohiyo kwa adabu, ukionyesha kilichokosewa. Ukiisubirisha wiki, mwenyewe atakuwa ameshasahau na ataona unamsingizia. Mwezi wa kwanza pigeni meza ya kuchambulia na kumwagia kila ndoo juu yake. Kipande kimoja cha kioo kitakachokutwa kwenye tuta la mchicha miezi mitatu baadaye kitawakosesha wateja wote.

Eneo

Mnahitaji kama mita 10 kwa 6, kwa ridhaa ya mwenye eneo, ofisi ya mtaa na afisa afya wa kata. Pawe na kivuli cha mwembe au mwarobaini, maana jua kali hukausha kingo za rundo. Pawe angalau mita 30 kutoka kisimani, na pawe juu kidogo ya njia ya maji ya mvua.

Msichimbe. Udongo wa ukanda huu wa pwani mara nyingi ni mfupi, chini yake kuna mwamba wa chokaa au matumbawe, na sehemu za chini kuelekea baharini maji yako karibu. Shimo la mboji lililochimbwa mwezi wa pili linageuka kisima mwezi wa nne. Jengeni juu ya ardhi.

Vizimba

Jengeni vizimba 6 vilivyopangwa mstari mmoja, kila kimoja kikiwa na mita 1.2 kwa 1.2 kwa ndani na kimo cha mita 1.2. Mabanzi ya kiwanda cha mbao yanatosha, au mianzi, au mbao za paleti. Acheni nafasi ya sentimita 3 kati ya ubao na ubao. Ubao wa mbele uteleze kwenye mfereji wa mbao mbili ili uweze kutolewa wakati wa kugeuza. Uliopigiliwa misumari mtauvunja wiki ya tatu. Nguzo ziwe za mkaratusi au msaji. Msitumie boriti za mikoko. Mikoko inahifadhi kaboni nyingi kwenye tope lake, na kuikata ili kujenga mradi wa kupunguza gesi ni kujinyang'anya mwenyewe.

Kwa nini mita 1.2? Rundo dogo linapoteza joto haraka kuliko linavyolizalisha, ndiyo sababu ya ule mpaka wa chini wa mita moja. Rundo linalozidi mita 1.5 linajikandamiza kwa uzito wake na katikati pake hewa inakwisha.

Mbele ya vizimba pabaki mita 1.5 ya kufanyia kazi, na kando pawe na sakafu ya mita 3 kwa 3 ya kukomazia mboji. Chini ya vizimba, chimbeni mfereji mwembamba wa kupeleka maji meusi kwenye ndoo. Maji hayo yarudishwe kwenye rundo kavu, yasimwagiwe mboga.

Vifaa: uma mbili za meno manne, beleshi mbili, panga mbili, reki, toroli moja, ndoo 10 za lita 20, nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita moja na nusu, mizani, glavu nene, gambuti na barakoa za vumbi. Wanaofanya kazi wawe wamechanjwa pepopunda.

Mali kavu ndiyo inayokwisha

Watu hudhani tatizo litakuwa taka. Taka hazikosekani, kinachokosekana ni vitu vikavu vyenye kaboni. Kipimo ni ndoo 1 ya taka za jikoni kwa ndoo 2 za majani makavu yaliyokatwakatwa. Hapo uwiano wa kaboni na naitrojeni unakuwa karibu 30 kwa 1, na unyevu karibu asilimia 60, ambao utashuka wenyewe joto likipanda. Kwa kilo 45 za kila siku zinahitajika ndoo 10 za majani kila siku, 70 kwa wiki.

Majani ya mwembe ni mengi lakini yana nta na huchelewa. Yakateni kwa panga au yapondeni kwa kuyakanyaga yakiwa makavu kabisa. Makapi ya miwa kutoka kwa wakamuaji ni mazuri sana, yana nafasi za hewa, ila yakusanywe kabla nyuki hawajayavamia. Maboksi yachanwe vipande vya ukubwa wa kiganja na kuondolewa gundi ya plastiki. Boksi zima likiloa linakuwa blanketi la kuzuia hewa. Vumbi la mbao lina kaboni nyingi mno, na peke yake linashikana kama saruji: tumieni nusu ndoo ya vumbi na ndoo moja ya majani kwa kila ndoo ya taka, na kamwe si vumbi la mbao zilizotiwa dawa. Makumbi ya nazi hayataoza kwa miezi mitatu. Mahali pake ni chini ya rundo, kama godoro la kupitishia hewa, na yatatumika tena na tena. Vifuu wapeni wanaochoma mkaa wa vifuu.

Sasa hesabu ya masika. Kuanzia Machi hadi Mei majani makavu hayapatikani Tanga. Wiki 12 kwa ndoo 70 ni ndoo 840, zaidi ya mita 16 za ujazo. Yakishindiliwa ndani ya viroba vikubwa ni kama viroba 120. Vijazwe Januari na Februari, wakati kaskazi inakausha kila kitu, na vihifadhiwe mahali pasipovuja. Kikundi kisicho na stoo hii kitafika Aprili kikiwa na rundo la uji, na majirani watakuwa na haki ya kulalamika. Kama stoo ni ndogo, afadhali kupunguza nyumba hadi 15 kwa miezi hiyo mitatu kuliko kupokea taka usizo na majani ya kuzichanganya.

Kujenga rundo

Siku ya kwanza, tandikeni makumbi kwa unene wa sentimita 20. Katikati simamisheni bomba la PVC la inchi 4 lililotobolewa matundu ya milimita 10 kila baada ya sentimita 10, au mabua ya mahindi yaliyofungwa pamoja kwa unene huohuo. Juu ya makumbi wekeni majani makavu sentimita 10.

Kisha kila siku: mwageni ndoo 5 za taka na ndoo 10 za majani kwenye sakafu, kateni vipande vikubwa (ganda la fenesi, kichwa cha nanasi, kikonyo cha mkungu wa ndizi) viwe vya urefu wa kidole, changanyeni kwa uma, ndipo mtie kizimbani. Mabango mengi yanaonyesha tabaka za kijani na kahawia zilizopangwa kama keki. Tabaka ni nzuri kwa kuchora. Kwenye rundo halisi, taka zilizolala tabaka moja hujikusanya kuwa bonge lisilo na hewa. Changanyeni.

Kila ndoo 5 za taka ziongezewe beleshi 2 za samadi. Samadi si shida Tanga, mji wenye wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa wa ndani ya zizi, na wengi wao wanatafuta pa kuipeleka. Kama ipo mboji ya zamani, tieni beleshi moja, inaleta vijidudu. Funikeni kila mara kwa sentimita 5 za majani makavu ili nzi na kunguru wasione chakula. Siku ya saba kizimba kimejaa, mnahamia cha pili.

Vitu vya kutiwa kwa tahadhari. Machicha ya nazi yana mafuta na huchacha; yanyunyizwe na kuchanganywa, yasimwagwe bonge. Msimu wa machungwa ya Muheza maganda yatawazidi nguvu: yasizidi sehemu moja ya tano ya taka za siku, na yakatwe, maana mafuta ya ganda lake huvichelewesha vijidudu. Jivu la mkaa, konzi moja tu kwa siku. Likizidi linafukuza naitrojeni kwa harufu ya amonia. Mwani uliotupwa na bahari unafaa ukioshwa chumvi. Matumbo na vichwa vya samaki vina naitrojeni nyingi kupita kiasi, vinaita paka, panya na kunguru, na visipokaa sawa mtaa mzima utajua. Miezi mitatu ya kwanza vikataeni. Baadaye, ndoo moja ya samaki ichanganywe na ndoo mbili za vumbi la mbao na kuzikwa katikati ya rundo ambalo tayari lina moto, angalau sentimita 30 kutoka kila upande.

Unyevu hupimwa kwa mkono uliovaa glavu. Kamua konzi moja kwa nguvu: yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, ni sawa. Yakichuruzika, ongezeni majani. Isipotoka kitu na konzi ikasambaratika, nyunyizieni maji mnapogeuza.

Joto na kugeuza

Siku mbili au tatu baada ya kizimba kujaa, joto la katikati linafika nyuzi 55 hadi 65. Kama hakuna kipimajoto kirefu, chomekeni nondo hadi katikati, iacheni dakika 10, ichomoeni na kushika ncha yake. Ukiishika bila shida, ni chini ya 45 au hapo karibu. Ukilazimika kuiachia baada ya sekunde chache, rundo linafanya kazi. Likizidi 70, vijidudu vyenye faida vinaanza kufa; geuzeni hata kama si siku yake.

Mkihesabu kuanzia siku kizimba kilipojaa, geuzeni siku ya 4, 8, 14, 21 na 28. Kugeuza maana yake ni kutoa kila kitu mbele, kisha kukirudisha kwa kupindua: kilichokuwa kingo kiende katikati. Mbegu za magugu, ndago na vijidudu vya maradhi hufa pale tu kila sehemu ya rundo imekaa kwenye nyuzi 55 kwa siku tatu, na kingo hazifiki huko zisipohamishwa. Baada ya mgeuzo wa siku ya 21 rundo limepungua nusu. Unganisheni vizimba viwili jirani kuwa kimoja, na kimoja kinabaki wazi kwa taka mpya. Ndiyo sababu ya kuwa na sita.

Wiki ya 7 au ya 8 rundo halipandi tena joto hata likigeuzwa. Lipelekwe kwenye sakafu ya kukomaza, lifunikwe kwa magunia, likae wiki 4. Msilifunike kwa turubai la nailoni lililolala juu yake, kwa sababu linaziba hewa. Mvua ikitisha, turubai liinuliwe juu ya fito kwa nafasi ya sentimita 30. Paa la makuti au bati juu ya vizimba vyote ndilo suluhisho la kudumu, na ndiyo gharama ya kwanza ninayoshauri mlipe pesa zikipatikana, kabla hata ya toroli la pili.

Pua ndiyo kipimo

Harufu ya yai viza au ya mtaro inamaanisha hewa imekwisha, na methani inatoka muda huohuo ingawa yenyewe haina harufu. Geuzeni siku hiyo, ongezeni majani na makapi ya miwa, kagueni kama matundu ya bomba yameziba. Harufu kali ya amonia, inayochoma macho kama chooni, ni naitrojeni iliyozidi: samadi, samaki au majani mabichi ni mengi. Ongezeni vumbi la mbao. Hili lisipuuzwe, kwa kuwa naitrojeni iliyozidi pia hutoka kama naitrasi oksaidi, gesi yenye nguvu mara 265 ya hewa ukaa.

Rundo lisilopata joto huwa ama kavu, ama dogo, ama lina vumbi la mbao kupita kiasi. Kamua kwanza kabla ya kulaumu samadi. Likiwa na siafu, sisimizi au mchwa ndani, ni kavu. Likiwa na funza weupe, taka ziko juu bila kufunikwa. Geuzeni funza waingie kwenye moto na muongeze majani ya juu. Panya huja kwa sababu ya wali na ugali uliomwagwa bonge. Utando wa kijivu kama jivu katikati ya rundo ni vijidudu vya rundo lililopata joto na kukauka. Si ugonjwa, lakini vumbi lake lisivutwe puani. Vaeni barakoa na kunyunyizia maji.

Wenye ng'ombe: fikirieni biogesi

Mfugaji mwenye ng'ombe wawili wa zizini hupata samadi ya kama kilo 25 kwa siku, na kilo moja hutoa takriban lita 40 za biogesi, hivyo anapata karibu mita moja ya ujazo, inayotosha mapishi mengi ya familia na kupunguza mkaa. Mtambo wa kuba uliojengwa chini ya ardhi, wa aina iliyoenezwa nchini na CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia za vijijini kilichoko Arusha, unataka samadi na maji kwa kipimo sawa kila siku. Mkoani Tanga jambo hili si geni: kule Hale mabaki ya katani yaliwahi kutumika kuzalisha biogesi ya umeme, na mabaki hayo ni mengi kwa kuwa nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Ila fahamuni kuwa sehemu kubwa ya biogesi ndiyo methani yenyewe. Ikivuja kwenye kiungo cha bomba, mnaharibu zaidi kuliko mlivyokuta. Kila mwezi pakeni povu la sabuni kwenye viungo vyote mtazame mapovu, na gesi inayozidi iwashwe, isiachiwe hewani.

Mboji iliyoiva

Inanuka kama udongo baada ya mvua ya kwanza, ni nyeusi, na huwezi kutambua ganda la ndizi ndani yake. Ichekecheni kwenye wavu wa matundu ya sentimita 1. Vilivyobaki juu virudi kwenye rundo jipya. Kabla ya kuuza fanyeni majaribio mawili. Weka mboji yenye unyevu ndani ya chupa iliyofungwa kwa siku tatu: ukifungua ikanuka vibaya, haijakomaa. Panda mbegu 10 za mchicha kwenye mboji na 10 kwenye udongo wa kawaida: mboji ikizidiwa sana, isubiri wiki mbili.

Kilo 315 za taka pamoja na majani yake hutoa mboji ya takriban kilo 150, yaani viroba vitatu vya kilo 50 kila wiki. Kwenye bustani ya mboga tumieni kilo 2 hadi 3 kwa kila mita ya mraba, mchanganye na sentimita 15 za juu. Kwa mnazi au mchungwa, ndoo mbili mwanzoni mwa vuli, zimwagwe kuzunguka mti pale matawi yanapoishia, zisigusane na shina. Kwenye mchanga wa pwani faida ya kwanza mtakayoiona ni maji: tuta lenye mboji linakaa na unyevu siku mbili tatu zaidi baada ya kumwagilia.

Daftari na hesabu ya gesi

Kila siku andikeni tarehe, kilo zilizopokelewa, namba ya kizimba, joto au matokeo ya nondo, na siku ya kugeuza. Maboksi, vyuma na chupa ziwe na kurasa zake. Mfadhili au halmashauri ikiuliza mmepunguza gesi kiasi gani, jibu linatoka hapo.

Kwa viwango vya kukadiria vinavyotumiwa na IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, kilo moja ya mabaki ya chakula ikizikwa kwenye dampo la kina kifupi hutoa methani ya kama gramu 20. Kwenye dampo lenye kina cha zaidi ya mita 5, kama gramu 40. Kilo hiyohiyo ikiozeshwa kwa mboji huhesabiwa gramu 4 za methani na gramu 0.24 za naitrasi oksaidi. Kilo 45 kwa siku ni kilo 16,425 kwa mwaka. Dampo la kina kifupi lingetoa sawa na tani 9.2 za hewa ukaa, lenye kina tani 18.4. Mboji yenyewe hutoa karibu tani 2.9. Tofauti ni tani 6.3 upande mmoja, tani 15.5 upande mwingine. Ripoti zenu zitaje zote mbili na mseme taka za mtaa wenu zilikuwa zikienda dampo la aina gani.

Msiandike kwamba tani hizo zimepungua mwaka huu. Taka za chakula zikizikwa kwenye joto na unyevu kama wa hapa, nusu yake huoza kwa takriban miaka miwili, hivyo methani mliyoizuia ingetoka kidogokidogo kwa miaka kadhaa. Na kilo za chupa zisijumlishwe kwenye safu ya methani. Zina ukurasa wake.